Rangi ya Ketty

Dada yangu Jonna ni msusi, na mimi ni mtu wa kuamini wasusi. Nianzie hapo, ili mtu asije kuniuliza baadaye nilikuwa wapi wakati kichwa changu kikigeuzwa kuwa cha mtu mwingine. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini Lemvig, taulo shingoni, kahawa mkononi, nikicheka.

Ilikuwa Novemba, mwaka juzi. Nilikuwa nimetimiza miaka hamsini na mbili, na mvi zilikuwa zimenivamia zote kwa mpigo, kana kwamba zilikuwa zikisubiri talaka yangu ikamilike. Nywele zangu za kuzaliwa ni rangi ya majani makavu, kama za Baba alipokuwa kijana. Mvi zikiingia kwenye nywele za namna hiyo, hupati ile fedha wanayojivunia wenye nywele nyeusi. Unapata rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Jonna ndiye aliyesema tufanye kitu.

"Kuna rangi za aina tatu," alisema, akinichambua nywele kwa ncha ya kitana. "Ya kwanza ni ya kupita. Inakaa juu juu, ukioga imekwenda. Hiyo ni ya watoto na sherehe zao. Ya pili inaingia kidogo. Inakaa wiki sita, saba, huku inafifia, mpaka siku moja unagundua huna tena. Ya tatu ni ya kudumu. Hiyo inaufungua unywele, inaingia ndani, inafukuza ilichokikuta. Haitoki. Unaikata au unangoja nywele mpya ziote."

"Hiyo ya tatu sitaki hata kuisikia," nikasema. "Nimeshaolewa mara moja."

Jonna alicheka mpaka akaweka kitana chini. "Basi ya katikati."

"Ya katikati. Nikiichoka, ijiondokee."

"Itajiondokea," alisema, na neno hilo alilisema akinitazama kwenye kioo, macho kwa macho. Ndiyo maana nalikumbuka. Mtu akitaka kukudanganya, mimi nilidhani huangalia pembeni.

Alichagua rangi mwenyewe, kahawia iliyoiva yenye wekundu kwa ndani. Akaingia nyuma ya pazia kuchanganya. Wasusi wote huchanganya nyuma ya pazia. Wewe mteja unaletewa bakuli, huletewi chupa. Sikuuliza kilichomo, kama nisivyomuuliza mwoka mikate kaweka nini kwenye unga.

Alipomaliza kunikausha nilijitazama kwenye kioo. "Nafanana na Mama," nikasema.

"Mabinti wote hufikia hapo," akajibu Jonna, akafagia.

Mama yetu, Ketty, alikuwa amefariki miaka minane kabla ya hapo. Baba, Holger, alikuwa na miaka themanini na saba na tangu Agosti ile alikuwa akiishi kwenye nyumba ya wazee pale pale Lemvig. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, akijua treni ipi inapita wapi saa ngapi, na sasa hakuwa na uhakika kama ameshakula. Jonna alimwendea kila siku kwa miguu. Mimi naishi mji jirani wa Holstebro, nilikuja kila Jumapili kwa gari, keki mkononi.

Jumapili ya kwanza baada ya kutiwa rangi, niliingia chumbani kwake naye akasimama. Kwa wiki kadhaa hakuwa amesimama bila kushikwa na watu wawili. Alishika meza, akasimama, akanyoosha mkono.

"Ketty," alisema. "Nilijua watakuruhusu uje."

Niligeuka kumtazama Jonna. Uso wangu ni wa Mama, hilo nalijua tangu utotoni. Jonna ndiye aliyechukua pua na kidevu cha Baba. Lakini kwa nywele zangu za majani makavu hakuna aliyewahi kunichanganya na Mama, achilia mbali Baba.

"Mwache," Jonna alininong'oneza. "Usimkatalie, tafadhali. Tazama anavyofurahi."

Nikakaa. Akanishika mkono saa mbili nzima. Nilipoondoka nililia garini, halafu nikacheka, kwa sababu alikuwa amenisimulia safari yake na Mama kule Skagen, mambo ambayo binti hapaswi kusimuliwa. Nilijiambia kuwa ni jambo la kupita. Rangi yenyewe ilikuwa ya wiki sita.

Lakini kila wiki ya tano Jonna alipiga simu. "Njoo nikuguse kidogo, usije ukafifia vibaya." Nami nikaenda, nikaletewa bakuli. Mwaka ukaisha hivyo. Kila Jumapili niliacha jina langu mlangoni pamoja na viatu, nikawa Ketty mpaka saa kumi jioni.

Nisiseme uongo, kulikuwa na utamu wake. Baba hakuwahi kunitazama mimi, Merete, jinsi alivyomtazama Ketty. Ila huwezi kula chakula cha mtu mwingine mwaka mzima ukashiba.

Januari mwaka huu daktari alituita. Moyo wa Baba ulikuwa umechoka. Alisema tusitegemee kuwa naye msimu mwingine wa baridi. Jumapili hiyo hiyo Baba aliniuliza, kwa upole wa mume anayeona aibu kidogo: "Ketty, watoto wetu ni wangapi vile?"

"Wawili."

"Jonna," akasema, akahesabu kidole kimoja. Kidole cha pili kikabaki hewani. "Na yule mdogo. Alikuwa anapenda maji."

Nilisubiri. Nilisubiri muda mrefu kuliko nilivyowahi kusubiri kitu chochote. Mwishoni nikamwambia: "Merete."

"Merete," alirudia kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

Siku ile niliamua. Nilitaka Baba anione mara moja na kichwa changu mwenyewe, aniite jina langu, kabla moyo wake haujasimama. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilimwambia Jonna kuwa sitii rangi tena, nangoja hii ififie. Alisema "Sawa," akanimiminia kahawa.

Sasa nieleze kazi yangu, ili mjue ujinga wangu ulikuwa wa ukubwa gani. Mimi nafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la manispaa. Kwetu hakuna anayeingia majini kabla ya kuvua kila kitu na kujisugua kwa sabuni kichwa, kwapa na kwingineko, na mwalimu ndiye wa kwanza kuonyesha mfano. Naosha nywele mara mbili kwa siku. Katikati ya hapo nakaa saa tano kwenye maji yenye dawa inayofubaza hata nguo za kuogelea. Rangi ya wiki sita ilipaswa kunitoka kwa siku kumi. Mwaka mzima nilikuwa nikiwasifia wenzangu kazini jinsi dada yangu anavyojua kazi, rangi yake haitetereki. Na wao walikuwa wakinisikiliza.

Februari ikapita. Kahawia haikufifia hata chembe. Kilichotokea ni kwamba palipo na njia ya kugawia nywele paliota mstari mweupe, umenyooka kama umepigwa rula. Ukawa upana wa kidole. Msichana mmoja wa miaka sita aliutazama akiwa ameninginia shingoni mwangu kwenye kina kirefu.

"Merete, kichwa chako kinafunguka," aliniambia.

Nilimpigia Jonna simu. "Mbona haitoki?"

"Maji ya Holstebro yana chokaa nyingi," alisema. "Chokaa inaishikilia. Vumilia."

Nikavumilia. Baba alikuwa akilala zaidi kila Jumapili, wakati mwingine akiamka tu kuniuliza kama nimefunga mlango wa banda la kuku, banda tulilolivunja nikiwa darasa la saba. Nilivaa kofia ya sufu kuficha ule mstari, nikawa Ketty mwenye baridi. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo cha bwawani nikivuta nywele kwenye taa, nikitafuta dalili ya kufifia. Siku zilikuwa zinakwenda, na hazikuwa siku zangu.

Mwisho wa Machi niliingia saluni iliyo karibu na bwawa. Msusi alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, anaitwa Sanne, ana kipini puani na mikono yenye baridi. Nilimwambia nataka anisaidie rangi hii ya muda itoke haraka.

Aliuinua unywele mmoja, akaupitisha kwenye vidole, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. "Hii si ya muda."

"Ni ile ya katikati. Ya wiki sita."

"Ile ya wiki sita inafifia yote kwa pamoja, tena haizibi mvi zote hivi. Ikikuachia mstari, hiyo ni ya kudumu." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza bibi yake namna ya kutumia simu. "Hii imetiwa tena na tena, kwa uangalifu sana. Aliyekutia anajua kazi."

"Ni dada yangu. Ana miaka thelathini na tano kwenye kazi hiyo. Hawezi kukosea."

Sanne aliuachia unywele. "Sikusema amekosea," alisema.

Sikumbuki nilivyofika Lemvig. Najua kulikuwa na trekta mbele yangu kwa kilomita nyingi na kwamba nililitukana trekta lile matusi ambayo halikuyastahili. Jonna hakuwepo. Mlango haukuwa umefungwa, haufungwi kamwe. Nikashuka chumba cha chini.

Kila msusi ana kadi za wateja. Jonna huweka zake kwenye kopo la biskuti, kwa alfabeti. Jina la mteja juu, chini yake tarehe, na mbele ya kila tarehe namba za rangi, kipimo cha ile dawa ya kufungulia unywele, na dakika. Kwa kadi hiyo msusi mwingine yeyote angeweza kukupa kichwa kile kile. Nikatafuta M. Merete hakuna. Nikatafuta kwa jina la mume wangu wa zamani. Hakuna. Mwaka mzima na zaidi nimekaa kwenye kiti kile na sina kadi.

Kisha nikaenda kwenye K.

Kadi ya Mama ilikuwa imechakaa pembeni. Mwandiko ulikuwa wa Jonna alipokuwa bado kijana, herufi za duara. Tarehe zilishuka mpaka mwezi wa Mei, mwaka aliofariki Mama. Chini yake mstari mmoja mtupu. Chini ya mstari huo, Novemba, mwaka juzi. Namba zile zile, dawa ile ile, dakika thelathini na tano. Kisha kila wiki ya tano, jumla mara kumi na mbili, mpaka Desemba mwaka jana. Jina juu halikuwa limebadilishwa wala kuongezwa. Kwa mujibu wa kadi ile, Mama alikuwa amepumzika miaka minane halafu akarudi kutiwa rangi.

Nilimsikia Jonna akiingia juu, akiita jina langu kwa sababu ameliona gari. Akashuka na mfuko wa mikate mkononi. Aliona kadi.

"Nilikuambia ya katikati," nikasema.

"Uliniambia."

"Ukanitazama machoni."

"Nilikutazama." Aliweka mikate juu ya meza ya vitana. "Ya katikati isingemshika Baba. Ingefifia siku tatu kwenye lile bwawa lako, angekuona Jumapili moja Ketty, Jumapili ya pili sijui nani. Angechanganyikiwa."

"Kwa hiyo ulikusudia. Tangu mwanzo."

"Merete, kaa."

"Sikai kwenye kiti hicho tena maisha yangu."

Basi akakaa yeye. Ana miaka hamsini na saba, na siku ile ndiyo mara ya kwanza kumwona kama mzee. "Unajua jioni zake zilikuwaje?" aliuliza. "Hujui. Wewe unakuja Jumapili na keki. Kila jioni alikuwa akimtafuta Mama. Anajisukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, anapiga, anaita. Nikimwambia amekufa, analia kama ameambiwa leo. Kesho yake namwambia tena, analia tena. Miezi mitatu, Merete. Wahudumu wakaanza kuzungumzia dawa za kumlaza. Siku moja nikatazama picha ya Mama pale ukutani, nikaona ni wewe, nywele tu ndizo hazipo. Tangu siku ile uliyoingia ukiwa na nywele hizo, jioni anasema, Ketty atakuja Jumapili. Analala."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

Hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu ni kweli, ningekataa, na yeye alilijua hilo akalizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi njiani. "Ilikuwa haki yangu kukataa," nikasema. "Kichwa ni changu. Baba ni wangu pia. Wewe anakuita Jonna kila siku inayokuja. Umempa yeye mke wake na umebaki na baba yako, na kilichotolewa ni mimi. Amesahau jina langu, Jonna. Nililazimika kumtajia."

"Angelisahau hata hivyo."

"Hilo hulijui. Hukunipa nafasi ya kulijua. Na nilipokuambia naacha, ukaniambia chokaa. Miezi mitatu nakaa nangoja chokaa, na Baba anakufa."

Jonna alikuwa akilia, lakini alilia kwa namna ya mtu asiyejuta. Nilimwambia achukue mkasi anikate palepale, zote, mpaka kwenye weupe. Akatikisa kichwa.

"Sishiki mkasi wa kumuua Mama mara ya pili," alisema.

Sikumsamehe neno hilo na sidhani kama nitamsamehe. Nilirudi Holstebro. Siku iliyofuata nikakaa kwa Sanne, na mashine ikapita kichwani mwangu, kahawia ikaanguka sakafuni, nikabaki na sentimita mbili za mvi na majani makavu. Nilionekana kama mtu aliyetoka hospitali. Sanne aliniuliza kama nimependezwa. Nikamwambia kwamba nimejipata, na hilo lilikuwa linatosha.

Jumapili nilikwenda. Sikuvaa kofia. Kwenye korido mhudumu alinipita bila kunisalimu, halafu akageuka na mdomo wazi. Jonna alikuwa ameshafika. Alikuwa akipanga vikombe mezani, akaniona kichwa, akaendelea kupanga vikombe.

Baba alikuwa macho kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini. Nilivuta kiti cha kando yake, nikakaa, magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikangoja. Alinitazama nywele, akanitazama macho, akarudi kwenye nywele. Nilimwona akitafuta, kwa jasho, kama alivyokuwa akitafuta treni iliyochelewa kwenye ratiba. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Merete," alisema.

Hakuna aliyemtajia. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Miezi kumi na sita nilikuwa nimekaa mbele yake na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama mimi.

"Umekuja basi," alisema Baba. Akautoa mkono wake mikononi mwangu, bila hasira, akauweka juu ya blanketi. "Mama yako anakuja kila Jumapili, na miguu yake ile mibovu. Dada yako yuko hapa kila siku. Wewe tangu nilipoletwa hapa hujakanyaga. Hata Krismasi."

"Nimekuwa nikija, Baba."

"Usinidanganye. Nasahau mengi, lakini najua nani anakuja kuniona na nani haji."

Nilimtazama Jonna. Alikuwa amesimama na birika mkononi, na alikuwa mtu pekee duniani aliyejua Jumapili zangu zote. Neno moja lingetosha. Nilimwona akilipima lile neno. Kama mimi nilikuja Jumapili zote, basi Ketty hakuja hata moja, na jioni ile ile Baba angerudi mlangoni kumtafuta.

"Amekuja leo, Baba," alisema Jonna. "Tushukuru kwa leo." Akamimina kahawa.

Baba alikubali kwa kichwa, kama mtu mwenye haki anayekubali kusamehe kidogo. Kisha akatazama saa ya ukutani na akaanza kunyoosha kola ya shati lake.

"Mpishe mama yako hicho kiti," aliniambia. "Atafika sasa hivi, na hapendi kukaa mbali nami."

Nikainuka.